Jinsi ya kumfuatilia mpiganaji wa kijijini wa Ireland, 1919 hadi 1921, ukiwa Tanga na simu yako tu

Wadau, kila mada ya Ireland ikiibuka huku Tanga, iwe kwenye grupu la WhatsApp au kijiweni Ngamiani kahawa zikipita, watu wanarukia Michael Collins, yule mkuu wa ujasusi wa wapiganaji, na wanaishia hapo hapo, utadhani Mwingereza alitolewa na mtu mmoja mwenye baiskeli. Collins kichwa, hakuna anayebisha, lakini vita ile ya uhuru waliibeba vijana wa vijijini, watoto wa wakulima wadogo, wauza maduka, walimu, maseremala, watu wa reli, ambao mchana wako kwenye shughuli zao na usiku wanakata waya za simu. Na habari zao zipo. Zimeandikwa, zimeskaniwa, ziko mtandaoni bure, unazisoma umekaa Raskazone upepo wa bahari unakupiga, huhitaji visa wala kujuana na mtu. Kinachotakiwa ni kujua pa kubonyeza na namna ya kusoma unachokiona, maana hapo kwenye kusoma ndo wengi wanapotelea.

Nataka ukimaliza hapa uweze kumchukua mpiganaji mmoja asiyejulikana, ujue alizaliwa wapi, nyumba yao ilikuwa na vyumba vingapi, alikuwa kombania gani, usiku ule alifanya nini, na serikali aliyoipigania ilimlipa au ilimpiga chenga. Nyaraka zenyewe ni za Kiingereza cha kawaida, mtu wa fomu foo anazisoma bila shida, chache tu ziko kwa lugha yao. Na kama ulisoma kwa mapadre wa Rosmini, ambao wako huku kwetu tangu miaka ya 1940 na miongoni mwao walikuwepo Waairishi, usishangae ukigundua kwamba baba au mjomba wa mtu aliyewahi kukufundisha yumo humo ndani.

Kwanza picha ya jumla, haraka haraka. Irish Volunteers, yani jeshi la kujitolea la wazalendo, walianzishwa Dublin tarehe 25 Novemba 1913. Pasaka ya 1916 wakaingia mitaani Dublin na silaha, wakazidiwa ndani ya siku sita, viongozi wakapigwa risasi, na hapo ndo Mwingereza alipojiharibia mwenyewe kwa sababu raia waliokuwa wanawaona wale jamaa kama wasumbufu wakaanza kuwaona mashujaa. Desemba 1918 chama cha Sinn Féin, kilichotaka uhuru, kikazoa viti 73 kati ya viti 105 vya Ireland kwenye bunge la London, wakagoma kwenda London, wakafungua bunge lao wenyewe Dublin tarehe 21 Januari 1919. Siku hiyo hiyo, sehemu inaitwa Soloheadbeg kaunti ya Tipperary, vijana wa Volunteers wakavizia mkokoteni uliobeba baruti za kupasulia mawe, wakaua polisi wawili waliokuwa wanausindikiza. Makao makuu hayakuwatuma, waliamua wenyewe. Hilo likumbuke, maana ndo tabia ya vita yote, mambo yanaanzia vijijini halafu Dublin wanasikia baadaye. Mapigano yaliendelea hadi saa 6 mchana wa tarehe 11 Julai 1921 mapatano yalipoanza kufanya kazi. Tarehe hii iandike mahali, utaihitaji kila utakapofungua faili.

Anza na mahali, jina litakuja

Wengi wanaanza kwa kuandika jina kwenye kile kisanduku cha kutafutia. Usifanye hivyo. Majina ya Ireland yanajirudia kupita kiasi, Murphy, Ryan, McCarthy, O'Sullivan, ukiandika John Murphy wa Cork utaletewa akina John Murphy mpaka bando likate. Halafu mtu mmoja anaweza kuwa na jina la Kiingereza kwenye karatasi moja na la Kiairishi kwenye nyingine, Liam Lynch huyo huyo ni Liam Ó Loingsigh, Terence MacSwiney meya wa Cork aliyekufa kwa kugoma kula siku 74 gerezani London mwaka 1920 ni Traolach Mac Suibhne. Sasa wewe wa Makorora utajuaje.

Shika mahali. Volunteers walipangwa kwa eneo, kombania moja kwa kawaida ni parokia moja, na maofisa wake wanachaguliwa na wanachama wenyewe kwa kura, kombania kadhaa zinafanya batalioni, batalioni kadhaa brigedi, na mwaka 1921 brigedi zikaunganishwa kuwa divisheni. Kaunti kubwa zilikuwa na brigedi zaidi ya moja, Cork peke yake walikuwa nazo tatu, Namba 1 yenye mji wa Cork, Namba 2 ya kaskazini aliyoiongoza Liam Lynch, na Namba 3 ya magharibi. Ukishajua parokia umeshajua kombania, ukijua kombania umemjua kapteni wake, na ukimjua kapteni umewapata wale watu ambao baadaye watamsainia mtu wako barua za kuthibitisha kwamba kweli alikuwepo. Na huo uparokia usiuchukulie poa, ni ule ule ushabiki wa Coastal na African Sports, watu wa upande huu hawakubali kwamba wa upande ule walifanya chochote cha maana, hivyo ukisoma mtu anaisifia kombania yake na kuiponda ya jirani, punguza kidogo.

Kama huna mahali pa kuanzia nakushauri uanze na Cork magharibi au Tipperary, huko maelezo ni mengi. Ukikutana na jina la kieneo usilolielewa nenda logainm.ie, ni hifadhidata ya majina ya mahali ya Ireland. Kule vitongoji vidogo vya mashamba viko zaidi ya 60,000 na kila kimoja kina jina lake, na mtu wa kijijini anwani yake ni hicho kitongoji, siyo mtaa wala namba ya nyumba.

Maelezo ya mashahidi

Sasa fungua militaryarchives.ie, tovuti ya hifadhi ya nyaraka za jeshi la Ireland, wenyewe wako kwenye kambi ya Cathal Brugha hapo Rathmines, Dublin. Ndani yake kuna kitu kinaitwa Bureau of Military History. Mwaka 1947 serikali iliunda ofisi ya kukusanya maelezo ya watu walioshiriki kuanzia 1913 hadi 1921, maofisa wakatumwa mikoani kukaa na wazee, wazee wakasimulia, ikapigwa taipu, mzee akasomewa au akasoma mwenyewe, akasaini. Kazi hiyo iliendelea hadi 1957 na yakapatikana maelezo 1,773. Halafu yakafungiwa kwenye masanduku ya chuma mpaka mwaka 2003, yani watu wamekufa wakiwa wameshasema lakini hakuna aliyesikia.

Ukurasa wa kwanza wa kila maelezo unafanana: namba ya hati, jina la shahidi, alikuwa nani kwenye mapambano, somo la maelezo yake, na mstari unaouliza kama shahidi ameweka masharti yoyote, ambapo mara nyingi wameandika hakuna. Huo ukurasa usiuruke. Pale kwenye kueleza alikuwa nani ndo utaona kombania, batalioni na brigedi, ndo unahakikisha kwamba uko na mtu sahihi. Kurasa za mwanzo nyingi zinaanza na kuzaliwa, shule ya msingi mpaka umri fulani, kazi ya shamba, halafu anajiunga mwaka 1917, au 1918, mwaka ambao Uingereza ilitishia kuwachukua vijana wa Kiairishi kwa nguvu waende vitani Ufaransa. Huo wa 1918 utauona sana, kombania zilijaa ghafla kwa hofu ya kuandikishwa jeshini, na hofu ilipopita wengi wakatoweka. Waliobaki baada ya hapo ndo wa kuwafuatilia.

Mpiganaji wako mwenyewe huenda hakutoa maelezo, na kwa kweli uwezekano mkubwa ni kwamba hakutoa, hesabu tu, maelezo ni 1,773 na wanachama walioorodheshwa walipita 100,000. Kuna na waliogoma kabisa, hasa wa upande uliokataa mkataba wa Desemba 1921 na Uingereza, kwa kutoiamini ofisi ya serikali. Kwa hiyo msome kwa macho ya wenzake. Tafuta jina la parokia ndani ya PDF za watu wa batalioni ile ile, utakuta orodha katikati ya habari, tulikuwa mimi, fulani, fulani na fulani, na kati ya hao fulani mmoja ndo wako. Andika hao wote kwenye daftari, siyo wako tu, maana ukikwama utawarudia.

Faili la pensheni, hapa ndo penye mali

Mafaili haya yako militaryarchives.ie hiyo hiyo, kwenye mkusanyiko wa pensheni unaoitwa Military Service Pensions Collection. Hapa nitakaa, kwa sababu kwa maoni yangu hakuna nchi nyingi zilizowahi kuwauliza wapiganaji wake wadogo maswali madogo madogo namna hii.

Unajua ile stori inayosimuliwa sana kuhusu askari wa Mjerumani, wale wa von Lettow waliopigana hapa Tanga Novemba 1914, kwamba Wajerumani walipokuja miaka ya 1960 kuwalipa wazee wao, wasiokuwa na karatasi walipewa ufagio wakaamriwa kwa Kijerumani washike kama bunduki, na aliyejua akalipwa. Iwe kweli au imeongezwa chumvi, swali ni lile lile lililowakuta Waairishi: mtu anasema alipigana, utajuaje. Jeshi lao lilikuwa la siri, hakuna sare kwa wengi, hakuna mshahara, orodha zilikuwa hatari kuziweka maana zikikamatwa kombania nzima inalala ndani. Hivyo wakachagua njia ya ushahidi, wewe jieleze, sisi tutawauliza wakubwa wako na wenzako.

Sheria ya kwanza ya pensheni ya utumishi ilipita 1924 na iliwahusu waliotumikia jeshi la serikali mpya, yani upande uliokubali mkataba wa Desemba 1921. Waliokataa mkataba wakapigana na wenzao kwenye vita vya wenyewe kwa wenyewe, 1922 hadi 1923, wakashindwa, wakakaa bila kitu mpaka Éamon de Valera aliposhika serikali 1932, ndo sheria ya 1934 ikawafungulia mlango, wao na wanawake wa Cumann na mBan, jumuiya ya wanawake waliofanya kazi bega kwa bega na Volunteers. Ya 1949 ikawapa nafasi nyingine waliokuwa wamekataliwa. Sasa ujanja ni huu, namba ya faili yenyewe inakwambia. Ikianza na 24SP ni ya sheria ya 1924, huyo kwa kawaida alivaa sare za serikali wakati wa vita vya ndugu kwa ndugu. Ikianza na MSP34REF ni ya 1934, na hapo wengi ni wale wa upande mwingine, au waliokaa pembeni, au wanawake. Ikianza na 1D ni ya marehemu, familia ndo inadai. Kabla hujasoma hata neno moja umeshajua mtu wako alisimama wapi, au angalau pa kuanzia kukisia.

Fungua PDF yenyewe, na iache ipakue usiku bando la usiku likiwa nafuu, mengine ni kurasa nyingi za picha. Utaona fomu ya maombi imegawanywa kwa vipindi, wiki ya Pasaka 1916 kivyake, halafu mwaka baada ya mwaka unaoishia tarehe 31 Machi, kisha kipande cha kuanzia 1 Aprili 1921 hadi 11 Julai 1921, kisha baada ya mapatano, kisha vita vya wenyewe kwa wenyewe hadi 30 Septemba 1923. Kila kipindi anatakiwa aseme alikuwa wapi, chini ya ofisa gani, alifanya nini, na nani anaweza kuthibitisha. Mwandiko wa wino, wengine umenyooka, wengine unaona kabisa kwamba mkono huu umezoea jembe kuliko kalamu.

Baada ya fomu kuna mahojiano ya kiapo mbele ya kamati, swali na jibu, yamepigwa taipu. Hapa soma polepole. Kamati haitaki hadithi. Inataka kujua ulikuwa na silaha, silaha gani, ulifyatua, ulikuwa umbali gani, ulilala nyumbani kipindi hicho au ulikuwa mafichoni, uliacha kazi, lini. Mtu anaulizwa kuhusu shambulio la kituo cha polisi anasema nilikuwepo, anaulizwa ulifanya nini, anasema nililinda barabara maili mbili kutoka pale nikiwa na gobore la kuwindia ndege, na hakuna aliyepita. Ndo utumishi wake huo. Na kamati nyingi ziliona hiyo haitoshi. Sheria ilidai utumishi wa mapigano hasa, na mtu aliyebeba barua mwaka mzima, akachimba mitaro, akawapa chakula waliokimbia, anaweza kupata jibu moja kavu kwamba yeye siyo mtu ambaye sheria hii inamhusu. Waombaji walikuwa zaidi ya 80,000 na wengi sana walipewa jibu hilo.

Usifunge faili ukifika kwenye uamuzi. Shuka mpaka mwisho. Huko nyuma ndo kuna barua za rufaa, barua za mbunge, za paroko, barua ya mke anaeleza kwamba mume hana kazi na watoto ni wengi, barua kutoka New York au Boston maana wengi walihama baada ya vita. Sehemu hii ndo inaonyesha uhuru ulimfikia vipi mtu wa chini, na hakuna kitabu cha Collins kitakachokupa hilo.

Ripoti za brigedi na orodha za wanachama

Ili kuwahakiki waombaji, miaka ya 1930 kila brigedi iliunda kamati ya maofisa wake wa zamani, wakaandika shughuli zote kwa tarehe na majina ya walioshiriki, wengine wakachora mpaka ramani kwa mkono, barabara hii, ukuta wa mawe huu, watu wetu hapa, lori pale. Zitafute kwenye mkusanyiko huo huo wa pensheni, andika Brigade Activity Reports, tovuti haijui Kiswahili. Pamoja nazo kuna orodha za wanachama wa kila kombania kwa tarehe mbili, 11 Julai 1921 na 1 Julai 1922.

Linganisha hizo mbili. Baada ya mapatano kila mtu alijiunga, hatari imepita, vijana wanaandamana barabarani mchana kweupe, wasichana wanaangalia. Wale wa siku zote waliwadharau sana hao wa baadaye. Jina la mtu wako likiwepo kwenye ya pili na halipo kwenye ya kwanza, tulia kwanza kabla hujamwita mpiganaji wa uhuru.

Hata hiyo ya kwanza usiichukue nzima nzima. Kuwa kwenye orodha ni kitu kimoja na kuwa na bunduki ni kitu kingine, silaha zilikuwa haba mno, vikosi vile vya kuzunguka vilivyoanza kupangwa 1920, vya watu waliokuwa mafichoni muda wote, vilikuwa vidogo sana ukilinganisha na orodha. Wengine wote kazi yao ilikuwa kuvifanya vile vidogo viweze kutembea: kulinda njia wakati wenzao wamelala, kuwaonyesha vichochoro, kuziba barabara kwa miti na mitaro ili malori ya jeshi yasipite, na kesho yake Mwingereza anawashika wanakijiji hao hao wafukie. Usiku wanachimba tena.

Mfano wa Kilmichael

Chukua uviziaji wa Kilmichael, 28 Novemba 1920, kati ya Macroom na Dunmanway, uone haya mambo yanavyokaa pamoja. Kiongozi alikuwa Tom Barry, miaka 23, aliyewahi kuwa mwanajeshi wa mizinga wa Uingereza huko Mesopotamia. Alikuwa na vijana 36 wa bunduki, aliowafundisha wiki moja tu, wengi hawajawahi kupigana. Walitembea usiku kwenye mvua, wakalala kwenye mawe tangu asubuhi hadi jioni inakaribia, baridi, bila chakula cha maana. Malori mawili ya askari wa Auxiliary yakaja, maofisa wa zamani wa jeshi la Uingereza waliokuwa wamepanga kwenye kasri la Macroom, watu 18. Wakafa 16 pale pale, mmoja akatoroka akakamatwa akauawa, mmoja akabaki hai na majeraha makubwa. Upande wa Barry walikufa watatu, mmoja wao Pat Deasy, mvulana tu.

Mpaka leo wanabishana kama wale askari walijisalimisha kwa uongo kisha wakafyatua tena, au hawakujisalimisha, na ubishi wenyewe ni mkali haswa. Wewe usiingie kwenye ubishi huo mwanzoni. Fanya hivi, tafuta nani alikuwa skauti siku ile, nani alikuwa mwenye nyumba waliyojificha baadaye, nani alipeleka taarifa, halafu fungua mafaili ya hao. Watu wa pembeni hawana sababu kubwa ya kupamba, na wakiongea kuhusu saa, njia na hali ya hewa mara nyingi wanakubaliana kuliko wale wa katikati.

Wanawake

Cumann na mBan ilianzishwa 1914 na wanawake wake walibeba silaha chini ya makoti, walipeleka barua, walitibu majeruhi, walifanya ujasusi ofisini na posta. Ukimtafuta mpiganaji mwanaume ukakwama, mtafute dada yake. Kwenye pensheni waliwekwa madaraja mawili ya chini tu, D na E, hata awe alifanya nini. Na kabla ya hapo kulikuwa na kisa cha Margaret Skinnider, mwalimu kutoka Scotland, alipigwa risasi tatu Dublin mwaka 1916 akiwa vitani, akaomba malipo ya majeraha miaka ya 1920, akajibiwa kwamba sheria inahusu askari kwa maana ya kiume. Barua ipo, unaweza kuisoma mwenyewe. Alikuja kupata mwaka 1938.

Nyumba yao

Sasa mpe mtu wako nyumba. Sensa ya Ireland ya 1901 na ya 1911 iko bure kwenye tovuti ya hifadhi ya taifa, nationalarchives.ie. Kijana wa miaka 22 mwaka 1920 atakuwa na miaka 12 au 13 kwenye ya 1911. Tafuta kwa kaunti, kisha kitongoji, kisha familia. Fomu ya familia inaonyesha majina, umri, kazi ya baba, nani anajua kusoma na kuandika, nani anaongea Kiairishi, na kwenye ya 1911 mama ameolewa miaka mingapi, amezaa watoto wangapi, wangapi wako hai. Fungua na fomu ya pili, ile ya nyumba, inasema kuta ni za mawe au za udongo, paa ni la makuti yao au la kigae, vyumba vingapi, madirisha mangapi kwa mbele. Watu tisa, vyumba viwili, madirisha mawili. Ukisharudi kwenye faili la pensheni ukasoma kwamba mama yule aliwalaza vijana wanne wa kikosi usiku kucha, utajua maana yake.

Umri usikusumbue, wazee wengi walitaja miaka kwa kukadiria, tofauti ya mwaka mmoja au miwili ni kawaida. Vyeti vya kuzaliwa, ndoa na vifo viko irishgenealogy.ie, bure pia, huko ndo pa kuhakikishia.

Kuandika ulichopata

Andika ukurasa mmoja, usizidishe. Kila sentensi iwe na faili lake pembeni, namba ya hati na ukurasa, maana ukishaweka kwenye grupu kuna kaka mmoja lazima atauliza umetoa wapi. Panapogongana mafaili mawili weka yote mawili, usichague linalokupendeza. Na sehemu ya 1922 na 1923 iguse kwa adabu, kule familia nyingi zilinyamaza kwa miongo, ndugu walipigana na ndugu na wakaendelea kukutana kanisani kila Jumapili.

Halafu kuna matumizi mengine ya hii mbinu ambayo mimi ndo naona yana faida zaidi kwetu. Tanga hii ina wazee na bibi zetu waliokuwa vijana miaka ya 1950, waliokuwa kwenye mashamba ya mkonge wakati wa migomo, bandarini, reli, waliouza kadi za TANU kimya kimya baada ya 1954, na wamebaki wachache. Tukienda kwao tunauliza swali la kijinga, mzee tuelezee harakati za uhuru, na mzee anatupa hotuba ile ile ya sherehe za Desemba. Chukua maswali ya ile kamati ya pensheni. Shikamoo yako kwanza, kahawa na kashata, omba ruhusa ya kurekodi, kisha nenda taratibu: babu, mwaka ule ulikuwa unalala wapi, shamba gani, nyapara wako nani, kadi ulizificha wapi, nani alikuja kuzichukua, alikuja kwa miguu au kwa baiskeli, mkutano ulifanyika uani kwa nani, mlango nani aliulinda, bibi alikuwa anapika nini siku hiyo. Akisema sikumbuki, andika hakumbuki, usimsaidie kujibu. Ukimaliza mwombe majina ya wawili waliokuwepo pamoja naye na mitaa yao, na uende kwa hao kabla hujaandika chochote.